Nimpe binti yangu AL kabla ya kambi ya Kisumu?

Swali: Binti yangu ana miaka 10, tunaishi Nakuru. Likizo hii ya Agosti anaenda kambi ya kanisa, usiku tano, kando ya ziwa karibu na Kisumu. Ana pumu na hutumia inhela. Fomu ya kambi inasema dawa zote zikabidhiwe matroni. Tena nina vidonge vya AL, dawa ya malaria, vilivyobaki mwaka jana. Nimpe kabla hajasafiri ili malaria isimshike?

Jibu kutoka kwa muuguzi wa watoto:

Mama, vidonge hivyo usimpe. AL hutibu malaria iliyothibitishwa kwa kipimo, si dawa ya kinga ya safari. Dozi yake ni kumeza mara sita kwa jumla ndani ya siku tatu. Vikibaki, maana yake kuna mtu aliyeacha njiani alipopata nafuu, na hapo ugonjwa huweza kurudi.

Dawa za kinga zipo, lakini ni nyingine kabisa. Atovakoni-proguanili, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku akiwa huko, na siku saba baada ya kurudi. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, kwa hiyo mpeleke kwa daktari mapema, wiki mbili kabla. Kwa mtoto wa Nakuru naona safari hiyo ya kliniki inafaa. Mji wenu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi yake haimfai mbu wa malaria. Kisumu iko chini, mita 1,130 hivi, na ukanda wote wa ziwa una malaria mwaka mzima. Mtoto aliyekulia Kisumu huenda ameugua mara kadhaa na mwili wake umejifunza kupambana nayo. Wa kwako haujajifunza.

Kinachonitia hofu zaidi ni siku za baada ya kambi. Malaria huchukua kama siku saba hadi kumi na nne tangu mbu aume ndipo homa ianze, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo ataugulia kwenu, ambako homa na kutapika huitwa mafua au tumbo. Nilipokuwa nikifanya kazi huko Nakuru, aliletwa mvulana aliyetoka kambini siku tisa nyuma. Alikuwa ametibiwa mafua siku tatu. Alipofika kwetu macho yalikuwa ya manjano, na mama yake alikuwa akimwita jina naye haitiki. Hakuna aliyekuwa ameuliza alilala wapi wiki iliyopita. Alipona, lakini baada ya kulazwa na kuongezwa damu.

Basi andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, mpeleke siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe, "Alikuwa Kisumu." Apimwe damu. Kipimo kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake. Hata kama alikuwa akimeza dawa ya kinga, apimwe.

Kuhusu malazi, usiulize tu kama kuna neti. Uliza zimefungwaje. Kwenye vitanda vya ghorofa, wa chini hufunga neti kwenye chaga za kitanda cha juu. Wa juu mara nyingi hana pa kufungia, analala wazi. Mwombee kitanda cha chini. Mfundishe nyumbani kuchomeka neti chini ya godoro pande zote na kulala mbali nayo, maana mkono ukigusana na neti, mbu anaweza kuuma kupitia matundu.

Sasa inhela. Hapo simkubalii matroni. Dawa nyingine akabidhiwe, lakini ile ya bluu ya kufungua kifua ikae kwenye mfuko wa binti yako mchana kutwa na chini ya mto wake usiku. Kifua hakisubiri mwenye ufunguo wa kabati. Mpigie mkuu wa kambi, kisha uandike hivyo kwenye fomu, na matroni apewe ya pili ya akiba. Spesa nayo, kile chombo cha kuvutia dawa ya inhela, asisahau. Kama hana, chupa safi ya maji ya nusu lita hufaa: toboa kitako tundu la kubana mdomo wa inhela, mtoto avutie upande wa mdomo wa chupa. Akibanwa: atikise, abonyeze mara moja, avute pumzi nne, arudie mpaka mibonyezo minne. Msubiri dakika nne. Bado? Minne tena, na safari ya hospitali ianze. Akishindwa kumaliza sentensi, safari ianze hapo hapo, dawa ikiendelea njiani. Na aketi mbali na moshi wa moto wa jioni. Kama ana inhela ya kila siku ya kuzuia, asiiruke hata siku moja.

Kisha uliza gari lipi litakuwepo usiku, na hospitali ipi iko karibu. Wakibabaika kujibu, mtoto abaki.

Ziwani asiingie. Mbali na kuzama na viboko, kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Akirudi akikiri kwamba aliingia, usimgombeze, atakuficha mengine. Mpeleke apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.