Kwa mnaoanza kazi ya maua ya porini Cape Greco

Ninyi mnaokuja kuorodhesha mimea kwenye rasi ya Cape Greco, karibu na Ayia Napa huko Kupro, la kwanza ni hili: punguzeni mwendo. Wengi hukatiza moja kwa moja hadi kwenye magenge ya bahari, kisha husema hawakuona kitu ila mawe na vichaka.

Njooni mapema pia. Mvua za huku ni za majira ya baridi, na kiangazi ardhi hukauka kabisa, hivyo mimea mingi hukimbilia kuchanua Februari na Machi.

Pigeni magoti penye udongo kidogo kati ya mawe ya chokaa. Okidi za jamii ya Ophrys nyingi zina kimo cha shubiri tu. Mojawapo, Ophrys kotschyi, haipatikani kwingine duniani ila Kupro: petali yake ya chini ni nyeusi, ina manyoya na imezungushiwa michoro myeupe. Ua hilo halina nekta, yaani maji matamu yanayowavuta wadudu. Linafanana na nyuki jike na hata kunukia kama yeye. Dume akija kumpanda, vifurushi vya chavua hunata mwilini mwake, naye huvipeleka kwenye ua jingine. Kaeni kimya hapo mkisubiri. Mkimwona dume akihangaika, mtaielewa kazi hii kuliko darasani.

Msing'oe hata moja. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu wa udongoni.

Mkikuta asfodeli, mimea ya majani marefu membamba na maua meupe, zimetapakaa, andikeni. Mbuzi hawapendi majani yake, kwa hiyo wingi wake mara nyingi ni dalili ya malisho yaliyopita kiasi.

Vaeni buti ngumu, na msitie mkono chini ya jiwe msiloliona upande wa pili. Kuna nyoka wa jamii ya kifutu mwenye sumu kali.

Msisahau ndege. Machi na Aprili mbayuwayu, keremkerem na hudihudi hutua hapa wakiwa hoi baada ya kuvuka bahari kutoka Afrika. Msiwafukuze kwa ajili ya picha. Kusini-mashariki mwa kisiwa bado kuna watu wanaowatega kwa vijiti vya ulimbo, ingawa sheria inakataza. Mkiviona vichakani, pigeni picha, andikeni mahali, ondokeni bila kubishana na mtu, kisha itaarifuni mamlaka ya wanyamapori siku hiyohiyo.