Kimeng'enya kimzalishe nani?

SWALI: Ninafuga kuku hapa Pongwe, Tanga. Nimenunua unga wa kuchanganya kwenye chakula chao, na mfuko umeandikwa: "Enzaimu hii huzalisha fosforasi mwilini mwa kuku." Mwanangu wa sekondari anadai neno sahihi ni kimeng'enya. Nani mkweli?

JIBU: Mwanao, mpe soda. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, yaani kulainisha na kuvunjavunja chakula tumboni. Lakini ndugu yangu, hilo "huzalisha" mmelipitaje nyote wawili?

Siku hizi kila kitu kinazalishwa. Kiwanda kinazalisha saruji, haya. Semina zinazalisha maazimio, mvua inazalisha mafuriko, na juzi redioni uzembe "umezalisha" ajali. Huku kwetu pwani mkunga ndiye humzalisha mama. Na mwanamume akisemwa kamzalisha binti wa watu, wazee hukaa kikao. Sasa kimeng'enya nacho kimzalishe nani?

Fosforasi ni elementi, yaani dutu ya msingi ambayo mwili hauwezi kuitengeneza; haizaliwi tumboni mwa kuku. Imo tayari kwenye pumba na mashudu unayowalisha, ila takriban theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka imefungwa ndani ya fitati, akiba ambayo mbegu hujiwekea. Kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, kwa hiyo sehemu kubwa inampita tu na kuishia kwenye kinyesi, nawe unarudi dukani kununua unga wa mifupa. Ng'ombe hana dhiki hiyo: vijidudu vya tumbo lake la kwanza hutengeneza kimeng'enya hicho, fitesi, vyenyewe. Cha mfuko wako nacho kimetokana na vijidudu, bakteria au kuvu kama Aspergillus niger, vinavyokuzwa kiwandani. Huko kiwandani sema kimezalishwa, sitakugombeza.

Lakini kikishafika tumboni, kazi yake ni kuzibandua fosfati za fitati, yaani vipande vyake vyenye fosforasi, moja baada ya moja. Kitenzi cha kazi hiyo tunacho: kunasua. Wavu ukinasa kwenye matumbawe, mvuvi wa Tongoni huunasua. Hajapata kusema ameuzalisha. Funga, fungua. Tega, tegua. Nasa, nasua. Irabu moja tu, u, inapindua kitendo kizima, na mwandishi wa mfuko hana habari nayo! Wapo wanaosema "kuachilia". Linapita, ingawa linanuka mahabusu.

Shambani ni vivyo hivyo. Bakteria na kuvu wa udongoni hutoa vimeng'enya vinavyonasua fosforasi ya mabaki ya mimea, mizizi ya mahindi ikaifyonza. Ile iliyoshikwa na chuma au alumini huitoa kwa asidi, si kwa vimeng'enya. Hapo sema kuyeyusha.

Mfuko ungeandikwa: "Kimeng'enya hiki hunasua fosforasi iliyomo kwenye pumba." Wakiishikilia enzaimu yao, waache, imeshazoeleka madukani na mimi nimechoka kuifukuza. Kuzalisha, hapana.