Anko, Nimeshindwa Mnadani Mara Tatu: Maswali Yenu ya Vigari na Matoi

Mwezi huu nimeletewa maswali mengi ya matoi ya mnadani kuliko miezi yote, nimechukua matatu. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana limenigusa.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni fundi simu hapa Moshi, Majengo. Babu yangu anatimiza miaka 70 mwezi wa nane. Alipokuwa mdogo baba yake alikuwa mpishi kwa daktari mmoja wa misheni, na mtoto wa daktari alivyokuwa anarudi kwao Ulaya akamwachia kigari chekundu cha Volkswagen, kina namba 18 ubavuni na kinakuja na faru mdogo. Kikapotea walipohama nyumba na mpaka leo babu anakisimulia. Nimekiona eBay, ule mnada wa mtandaoni, nimeweka dau mara tatu na mara tatu nimepigwa sekunde za mwisho. Hii ya juzi nilikuwa naongoza siku nne nzima, zimebaki sekunde sita mtu kanipita kwa pauni mbili tu! Huu si wizi kweli? Nina laki nne kamili. Nisaidie nimpate huyu faru wa babu.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa moyo huo, babu yako ana bahati.

Hicho kigari ninakijua. Ni Corgi Toys namba 256, Volkswagen 1200 ya East African Safari, kilitoka 1965. Corgi walikuwa wanatengenezewa Swansea kule Wales, walianza 1956, na kilichowapa jina ni kwamba vigari vyao vilikuwa na vioo madirishani wakati wapinzani wao walikuwa bado wanaacha matundu tu. Na hii ya Safari si ya kubuni, ni mashindano yetu haya haya ya magari yaliyoanza 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilishinda 1962. Muulize babu vizuri, watu wa umri wake wengi walisimama barabarani na vumbi lote lile kuangalia magari yanapita, na baadaye kidogo wakamshangilia Bert Shankland wa Dar aliyeshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404. Kwa hiyo mtoto wa kizungu alimwachia babu yako kigari, lakini safari yenyewe ilikuwa ya kwao wote wawili.

Sasa hilo la kupigwa sekunde za mwisho. Hapana, si wizi, na eBay wenyewe wanaruhusu. Tatizo ni kwamba unauchukulia ule mnada kama mnada wa mbuzi, ambapo mtu anataja bei na wewe unajibu na mwenye sauti ya mwisho ndiye anachukua. Kule mashine inakupandia wewe. Unaiambia siri yako, mfano mwisho wangu ni pauni 60, haimwambii mtu, inaweka kiasi kidogo tu cha kumpita aliye chini yako. Kama wa pili yako mwisho wake ni 40 basi wewe utaonekana unaongoza kwa 41, ile 60 yako imelala kimya. Akija mtu sekunde ya mwisho na 50 mashine inampita hapo hapo na wewe unabaki juu. Akija na 70 amekushinda, lakini angekushinda hata angekuja Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo ukiniambia umepitwa kwa pauni mbili, mimi nasikia kitu kingine. Yule jamaa hakuweka pauni mbili juu yako, pengine aliweka thelathini juu yako, ni mashine tu ilisimama pale ilipohitaji kusimama. Na wewe nadhani ulikuwa unaweka kidogo kidogo, unaongeza, unachungulia, unaongeza. Siku nne unaongoza maana yake siku nne unawaonyesha watu kwamba kuna anayekitaka, na mwingine anayekuona anapanda na wewe. Acha kabisa hiyo. Kaa chini siku moja kabla, amua mwisho wako wa kweli, ile bei ambayo mtu akikupita nayo unasema mchukue ndugu yangu na usingizi unakuja, halafu iweke mara moja tu, zikiwa zimebaki sekunde kumi hivi, uzime simu.

Na angalia saa. Wauzaji wa Uingereza wengi wanapenda mnada uishe Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani. Saa mbili usiku ya kwao ni saa nne usiku ya kwetu kipindi chao cha joto na saa tano kipindi cha baridi, maana wanarudisha saa nyuma mwishoni mwa mwezi wa kumi. Chaji simu mapema na uwe na bando, umeme usije ukakatika wewe ukiwa umebakiza dakika moja.

Sasa twende kwenye mwisho wako wa kweli, maana hapa ndipo watu wengi wanaumia. Bei unayoiona kwenye simu si bei ya kigari, bei ya kigari ni ile utakayokuwa umetoa siku umekishika mkononi Moshi. Tufanye umeshinda kwa pauni 60, usafirishaji pauni 15, jumla 75. Tukichukua pauni moja kwa shilingi 3,400 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni 255,000. TRA wanakokotoa ushuru juu ya vyote viwili, kitu pamoja na usafiri wake, si kitu peke yake. Kiwango cha kawaida cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika ni asilimia 25, hiyo ni 63,750, umefika 318,750. Halafu VAT asilimia 18 juu ya hiyo jumla, 57,375. Umefika 376,125 na bado tozo ndogo ndogo na makato ya kadi ya benki. Umeona? Laki nne yako ni pauni 60, si pauni 117 kama ulivyokuwa unahesabu (nadhani ndivyo ulivyohesabu, maana wote tunaanza hivyo). Kwa maana nyingine, zile mara tatu ulizoshindwa kama bei ilipita 60 basi umeokolewa.

Kwa pauni 60 usitafute chenye sanduku na faru na kila kitu, mara nyingi hicho kitakupita mbali. Tafuta kisicho na sanduku, rangi imechubuka kidogo, na usiogope michubuko kwa sababu babu yako hakukiweka kwenye kabati la vioo, alikichezea. Faru ndiye anayepotea kwanza kuliko vyote, na wapo wanaotengeneza vipuri vipya vya vigari vya zamani na kuviuza kihalali, shida ni mtu wa pili anayekinunua kipuri kipya na kukuuzia kama cha asili. Uliza kabisa, faru ni wa asili au ni wa kuigiza? Matairi je? Rangi haijapigwa upya? Mwambie akupigie picha ya chini ya gari, angalia zile pini zilizofunga tumbo na bodi, zikiwa zimetobolewa au zina skrubu ujue kimefunguliwa. Muuzaji mwenye kitu cha kweli hachoki kupiga picha. Kwenye maelezo ukiona herufi AF ujue anakwambia kina kasoro na anakuuzia hivyo hivyo, usije ukalalamika baadaye. Na kabla ya yote, kwenye saiti kuna sehemu ya kuchuja vilivyouzwa tayari, angalia hapo, si kwenye bei ambazo watu wanaomba. Mtu anaweza kuomba hata pauni 400, hiyo ni ndoto yake.

Wengi watakwambia hawatumi Tanzania. Waandikie kwa adabu kabla ya mnada kuisha, wengine wanakubali. Kama hawakubali unaweza kutumia ndugu aliyeko kule au kampuni ya kupokea na kusafirisha, ila elewa jambo moja: eBay wana dhamana ya kurudishiwa hela kama kitu hakikufika au si kile ulichoonyeshwa, na una siku 30 tangu kilipopaswa kufika, lakini kikishafika kwenye anwani ya kwanza na kusafirishwa tena kuja huku, dhamana hiyo inaishia kule. Kikivunjika njiani ni chako.

Na usikubali kulipa nje ya saiti. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita muuzaji mmoja aliniambia nimtumie moja kwa moja atanipunguzia, nilikuwa nataka vigari vya Matchbox vya kiwanda cha Lesney, vile vya zamani vilivyoandikwa chini Made in England, vilikuwa kumi na mbili kwa pamoja. Nikatuma. Siku ya tatu akaunti yake haipo, na saiti wakaniambia hawana rekodi ya mauzo yoyote, na kweli hawakuwa nayo kwa sababu nilikuwa nimeifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Usimwombe pia muuzaji aandike kwamba ni zawadi ya pauni 5, huko ni kudanganya forodha, na mzigo ukipotea utalipwa hiyo hiyo 5.

Omba namba ya kufuatilia. Ile ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu GB mwishoni, na namba hiyo hiyo inafanya kazi mpaka kwa Posta yetu. Mwezi wa nane uko karibu kuliko unavyodhani, mzigo unaweza kukaa njiani wiki nyingi, kwa hiyo nunua sasa. Na siku ukimkabidhi babu naomba uniandikie amesema nini.

SWALI: Mambo anko! Niko Njiro Arusha, kuna dada anauza Labubu, vile vidoli vya manyoya vyenye meno, Insta elfu 35 anasema orijino kabisa. Na nimesikia China moja iliuzwa mnadani mamilioni. Nikinunua kumi nikaziweka si nitatoka kimaisha?

Poa mdogo wangu. Hiyo ya mnadani ni kweli, Juni 2025 kule Beijing Labubu moja iliuzwa yuan milioni 1.08, lakini ilikuwa na urefu wa sentimita 131 na ni ya peke yake. Hizi za kuning'iniza kwenye pochi zinatoka kiwandani kwa wingi mno, na mwezi ule ule Pop Mart, kampuni inayoziuza, walipoachia mzigo mwingine mkubwa bei za walanguzi zikashuka kwa kasi, waliokuwa wamejaza kabati wakabaki wanaangaliana.

Kuhusu elfu 35: dukani kwao China yenyewe ile ya kawaida ni yuan 99, hiyo ni zaidi ya elfu 30 kabla haijapanda ndege na kabla ya TRA. Huyo dada anakula nini? Hesabu meno, ya kweli ina tisa, angalia chapa ya Pop Mart chini ya mguu na ile QR ya kuskani kwenye boksi, japo wanaoigiza nao wanaziona habari hizi kama sisi. Ukiipenda nunua moja ufurahie nayo. Kumi za kuweka, hapana, hiyo hela afadhali iingie kwenye kikoba.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nilishinda kigari cha Dinky cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwenye mnada wa Uingereza, kilifika Arusha kizima kabisa. Kimekaa kabatini miezi saba bila kuguswa na mtu, sasa kina nyufa, na ubavu mmoja umevimba na kumeguka wenyewe. Watoto wanaapa hawajakigusa. Kimerogwa?

Nzuri dada, pole sana. Watoto wako wanasema kweli, tafadhali waombe radhi kama uliwachapa.

Huo ni ugonjwa wa chuma chenyewe. Dinky walianza 1934 pale Liverpool na miaka ile ya mwanzo aloi yao ya zinki ilikuwa inaingiliwa na uchafu, hasa risasi, kidogo tu inatosha. Unaozea ndani polepole, chuma kinavimba, kinapinda, kinapasuka, na joto na unyevu vinauharakisha. Hauna dawa. Gundi haisaidii maana kitapasuka pembeni yake. Ila hauambukizi, ondoa hofu, vile vingine vilivyo kabati moja haviwezi kuupata kutoka kwake, na vya baada ya vita kwa kawaida viko salama zaidi maana walikuwa makini na usafi wa zinki.

Kwa miezi saba huwezi kurudisha, muda umepita. Safari nyingine ukitaka cha kabla ya vita omba picha za karibu sana za nguzo za madirisha na chini ya bodi, nyufa ndogo kama unywele zinaanzia huko, na ukubali moyoni kwamba hata kizima kinaweza kuanza kesho. Mimi vya miaka ile nimeacha kununua. Hicho chako kiweke sehemu kavu yenye ubaridi, hapo Arusha una nafuu kuliko wenzetu wa Tanga na Dar, kilaze kwenye pamba kisibebe uzito wake, na wadogo wasikitie mdomoni maana rangi za zamani zile nazo zina risasi. Kama kilikuja na sanduku lake la asili litenge ulitunze vizuri, sanduku halina huo ugonjwa na lenyewe lina wanunuzi wake.