Mida asubuhi: angalia maji, si saa

Ndugu, umeuliza mwezi huu wa nne uende Mida, ile hori ya bahari karibu na Watamu, Kenya, saa ngapi kuona ndege. Saa achana nazo, angalia maji. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wako mbali huko, nukta tupu hata kwa darubini. Fika yanapoanza kujaa: yanawasukuma taratibu hadi karibu na mikoko, nawe umetulia kwenye kibanda mwisho wa lile daraja la kamba. (Linayumba, simu ishike vizuri.)

Tafuta vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, wenye mdomo uliopinda chini. Januari walikuwa wa kijivu. Sasa vifua vimeiva rangi ya matofali, wanajiandaa kurudi Siberia kuzaliana. Wale ndege walao kaa, weusi kwa weupe, wengi huwa wameshaondoka kuelekea Uarabuni, wakatage kwenye mashimo ya mchanga.

Ndala usivae, tope linazimeza.