Jibu la muuza muvi kwa mwenye mke anayesikiliza wauaji

Kwa walioingia hapa chini bila kusoma juu: mleta uzi anasema mkewe huchomeka waya masikioni kila usiku na kusikiliza visa vya wauaji wa mfululizo mpaka saa sita, kisha humwamsha aende akaangalie komeo la mlango. Anauliza kama aanze kuogopa kulala naye, na mtu mcha Mungu kama yule anapata utamu gani kwenye damu za watu.

Mimi si mwanasaikolojia. Nauza muvi Kaptembwo, hapa Nakuru, mwaka wa tisa sasa. Nilianza kwa kuchoma DVD, siku hizi najaza flashi na simu. Ukikaa kaunta miaka yote hiyo unajua mtaa unaogopa nini, maana wanakuja kukinunua.

Wanaume wangu wengi huchukua vita na muvi zilizotafsiriwa na madijei. Visa vya kweli vya mauaji ni mali ya akina mama. Kuna manesi wa zamu ya usiku, walimu, wasichana wa chuo, na mama mmoja wa kwaya ambaye huniomba faili niipe jina la "Mapambio" ili watoto wasiifungue. Kwa hiyo mkeo hayuko peke yake, na wala si ugonjwa wa Nakuru tu. Watafiti wawili wa Marekani, Amanda Vicary na Chris Fraley, walichapisha utafiti mwaka 2010 wakaonyesha kwamba wanawake huvutiwa na vitabu vya aina hii kuliko wanaume, hasa pale hadithi inapoeleza jinsi mwathiriwa alivyojinasua. Niliposoma hayo nilicheka. Wangekuja kukaa kwangu Jumamosi moja tu wangeokoa pesa nyingi.

Binti mmoja wa chuo, mpangaji wa chumba kimoja huko nyuma ya stendi, nilimuuliza siku moja mbona hachoki na maiti. Alikuwa anangoja faili zimalize kuingia. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Nikijua aliwapataje, hanipati." Huyo akipanda bodaboda usiku humtumia dada yake namba ya pikipiki kabla hajakalia kiti. Sasa hayo utayaita kupenda damu?

Halafu ikaja Januari 2024, wanawake wakauawa Nairobi kwenye nyumba za kukodi kwa usiku mmoja, na tarehe 27 watu wakajaa barabarani kuandamana. Majuma mawili hivi hakuna mwanamke aliyeniuliza kisa cha muuaji. Hata mama wa Mapambio alichukua vichekesho. Jambo lilikuwa limekaribia mno. Kisa cha mbali unaweza kukizima ukalala. Cha jirani hakina kitufe. Februari walirudi, tena wengi kuliko mwanzo.

Kuhusu kumwogopa mkeo, ndugu yangu, hesabu hazikuungi mkono. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wapenzi au jamaa zao wenyewe. Kati yenu wawili, mwenye sababu ya kulala jicho moja wazi si wewe. Na hapo ndipo mimi hugombana na bidhaa yangu mwenyewe, kwa sababu inafundisha kumwogopa mgeni mwerevu mwenye macho ya ajabu. Sijawahi kuulizwa kisa cha mume wa kawaida aliyechelewa kurudi.

Huo uwerevu wa muuaji nao niliuamini mpaka shosho mmoja aliponifumbua macho. Septemba 2022 Netflix walitoa tamthilia ya Jeffrey Dahmer, na mji mzima ukaitaka. Nikachapisha picha yake, karatasi kubwa ya rangi, nikaibandika karibu na mlango. Mzungu, miwani, uso umetulia. Shosho anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara aliingia kuchukua nyimbo za injili, akasimama mbele yake, akaisoma kutoka juu mpaka chini.

"Huyu mhubiri anakuja lini?"

Nikamwambia si mhubiri, shosho, huyu aliua vijana na watoto wa kiume 17 huko Marekani, toka 1978 mpaka 1991. Hakushtuka nilivyotarajia. Aliangalia ukuta wote, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka pale jana.

"Na hao watoto wa watu, picha zao mmeziweka wapi?"

Mimi, kwa upumbavu, nikajibu: "Hazijaletwa."

Akalipa shilingi hamsini zake akatoka. Usiku ule nilizitafuta. Kulikuwa na Steven Hicks, wa kwanza, kijana aliyekuwa anaomba lifti barabarani. Kulikuwa na Tony Hughes, ambaye alikuwa kiziwi. Kulikuwa na Errol Lindsey, miaka 19, ambaye dada yake alilalamika hadharani kwamba hakuna aliyeitafuta familia yao kabla ya kuwaigiza kwenye tamthilia ile. Na kulikuwa na Konerak Sinthasomphone, miaka 14. Huyu alitoka nje ya nyumba ya Dahmer usiku wa Mei 1991, uchi, hajijui. Wasichana wa jirani wakamwona, polisi wakaitwa, na polisi wale wale wakamrudisha ndani kwa Dahmer kwa sababu aliwaambia huyo ni mpenzi wake, ni mtu mzima. Jirani mmoja, Glenda Cleveland, alipiga simu polisi tena na tena kuwaambia yule ni mtoto. Wakamwambia yameisha. Mtoto akauawa usiku huo, na baada yake wengine wanne mpaka Julai alipokamatwa.

Niambie basi uwerevu uko wapi hapo. Alikuwa na bahati ya kuua watu ambao neno lao halikuwa na uzito, na jirani ambaye neno lake halikuwa na uzito pia.

Ukishaiona hiyo, huwezi kutoiona kwetu. Julai 2024 miili ya wanawake ilipoanza kutolewa kwenye timbo la Kware, Nairobi, imefungwa ndani ya magunia, kituo cha polisi kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mshukiwa akakamatwa, polisi wakasema amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake akasema aliteswa. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Agosti, akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na raia 12 wa Eritrea. Pale dukani mabishano yote yalikuwa juu yake: ni jini, ana dawa, alipitaje kwenye waya. Wale wa kwenye magunia walizungumziwa siku mbili.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Mwaka mmoja kabla ya shosho, Oktoba 2021, Masten Wanjala alitoroka kituo cha polisi Nairobi. Polisi walikuwa wamesema alikiri kuua watoto zaidi ya 10, na kwamba baadhi aliwanasa kwa kujifanya kocha wa mpira. Siku mbili baadaye wanakijiji wakamuua kwao Bungoma. Upande wa mama yangu ni Bungoma, kwa hiyo simu yangu ilijaa kabla ya magazeti. Picha ya mwili wake ilinifikia saa za chai. Niliikuza kwa vidole. Nikaikuza tena. Halafu nikaituma kwa watu kumi na mmoja, nimehesabu juzi, bado iko kwenye ile simu ya zamani. Mjomba alinipigia jioni nikamuuliza maswali ya muuaji tu: alikuwaje, alisema nini, alikimbilia wapi. Mjomba ana mwana wa miaka kumi na mbili, mchezaji wa timu ya shule. Sikumuuliza habari za mtoto. Aliisema mwenyewe mwishoni, kwamba amemkataza mazoezi na kijana halali vizuri, nami nikajibu "pole" nikiwa naangalia picha nyingine iliyoingia.

Kwa hiyo nikisikia mtu anawacheka akina mama na waya zao masikioni, najua ni nani kati yetu aliyekuwa anakula damu. Mkeo anatafuta mlango wa kutokea. Mimi nilikuwa natafuta kuona.

Ile picha ya Dahmer niliibandua kesho yake. Gundi iliondoka na rangi, sasa kuna mraba mweupe. Wateja wakiniuliza kulikuwa na nini, nasema mhubiri, alishakwenda kwao.

Bado nauza, watoto wanataka karo. Ila nina tabia moja sasa: mtu akichukua kisa, namuuliza jina la yeyote aliyeuawa kwenye kile cha juzi. Akinitajia, namwongezea kimoja bure. Hasara yake ni ndogo mpaka leo, karibu hakuna anayejua. Binti wa chuo ndiye amenifilisi, anayataja yote.

Wewe usimnyang'anye simu. Mwombe waya mmoja usikilize naye hata mara moja, umwulize kisa kinahusu nini, umwache aeleze. Usimcheke. Na hilo komeo, kama msumari wake umelegea kama ya kwetu Kaptembwo, nunua lingine. Hapa mjini hayafiki mia tatu.