Hita Haichemshi: Kabla Hujaagiza Elementi Mpya

Elementi, ile koili ya chuma inayochemsha maji ndani ya hita, ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe haikumaliza dakika moja. Nilifungulia maji, nikayasikia yakivuma kuingia tangini, nikaona inatosha, nikawasha breka, yaani swichi ya umeme wa hita. Ndani kukasikika mlio mdogo, kama bisi moja inayopasuka, kisha kimya. Maji yalikuwa chini kabisa ya tangi na elementi ilikuwa juu, hewani. Elementi hupoozwa na maji yanayoizunguka. Ikikosa maji inajiunguza yenyewe, hata kama imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Niliilipia kwa pesa yangu.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, shika hili mapema: breka haiwashwi mpaka ufungue bomba la maji ya moto lililo mbali zaidi na uone maji yanatoka mfululizo, bila kukohoa hewa. Bado yanakohoa? Subiri.

Turudi nyuma, kwenye hita iliyoharibika. Mafundi wengi wachanga wakiambiwa "maji hayachemki" wanakimbilia bisibisi. Mimi naanza kwa kumuuliza mwenye nyumba. Maji ni baridi kabisa au ni vuguvugu? Breka inakata papo hapo unapowasha, au baada ya dakika kadhaa? Unaiwasha kwa muda gani kabla ya kuoga? Swali hilo la mwisho limeniokoa mara nyingi. Hita ya lita 50 yenye elementi ya wati 1500 inahitaji kama saa moja na nusu kupandisha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Mtu anayeiwasha robo saa kisha analalamika hana hita mbovu.

Maji ya vuguvugu nayo yana hila yake. Huenda hita ni nzima na maji ya baridi yanapenya mahali pengine, mara nyingi kwenye bomba la kuchanganyia ambalo mipira yake ya ndani imechoka. Zima breka, funga valvu ya maji ya baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la moto. Katika hita iliyofungwa kwenye presha ya bomba, maji yanatakiwa kupungua na kukata baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutiririka, baridi inavuka kuja upande wa moto, na kubadilisha elementi hakutasaidia kitu. Nimewahi kubadilisha elementi pamoja na thermostati, kile kifaa kinachozima hita maji yakifika joto lililowekwa, kabla sijalijua jaribio hili. Tatizo lilikuwa bomba la sinki.

Sasa fungua kifuniko. Breka imezimwa, na umeweka alama ili mtu asije akaiwasha wewe ukiwa na vidole ndani. Testa yako ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, halafu ijaribu kwenye hita, halafu rudi tena pale pa kwanza. Testa iliyokufa nayo inasema hakuna umeme.

Kabla ya kupima chochote, tumia macho na pua. Angalia vichwa vya skrubu vinavyoshika waya. Ukiona plastiki ya waya imekuwa kahawia, imekakamaa na kupasuka ukiikunja, umeshapata nusu ya jibu. Elementi ya wati 3000 kwenye volti 230 inavuta ampea 13. Skrubu iliyolegea ikiongeza nusu omu tu kwenye njia hiyo, wati zipatazo 80 zinageuka joto pale pale kwenye kichwa cha skrubu. Hapo kaza bila kuvunja, kata kipande kilichoungua mpaka ufikie shaba inayong'aa, na badilisha kishikio kama kimeyeyuka. Usifunge waya ulioungua kwenye elementi mpya; baada ya miezi michache utaitwa tena, na safari hii kwa lawama.

Kupima elementi si kazi ngumu, ila ondoa kwanza waya wake, la sivyo mita itasoma njia nyingine, kwa mfano ya taa ya kuonyesha umeme. Chukua volti, zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye hita. Kwa volti 230, elementi ya wati 1500 isome kama omu 35, ya 2000 kama 26, ya 3000 kama 18. Mita isipoonyesha kitu, elementi imekatika. Kisha weka mkono mmoja wa mita kwenye ncha ya elementi na mwingine kwenye ganda lake la nje la chuma. Hapo hutaki kusoma kitu kabisa.

Lakini mita ya kawaida inapima kwa volti chache, na ufa mdogo unaweza kujificha. Ndiyo maana breka ya kuvuja umeme, ile inayokata ikihisi umeme unavuja, inaweza kukata baada ya dakika kumi tu: elementi inapopata moto, ufa unafunguka na maji yanafika kwenye waya wa ndani. Kwa kesi kama hiyo tumia kipimo cha insulesheni, kinachopima uvujaji wa umeme, cha volti 500. Kikisoma chini ya megaomu 1, mimi siiachi hiyo elementi ndani ya nyumba ya watu. Na asikudanganye mtu kwamba dawa ni kuondoa breka "inayosumbua".

Swichi ya usalama wa joto, ile yenye kitufe kidogo cha kubonyeza, nayo ina wateja wake. Ukibonyeza, hita inarudi, unaonekana mchawi. Siku tatu baadaye imekata tena, kwa sababu thermostati imeganda na haizimi. Pima thermostati, ibadilishe. Kuiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya ni kuliacha tangi lililofungwa lichemke bila kikomo, na tangi la namna hiyo linaweza kupasuka. Valvu ya usalama vilevile haizibwi. Ikidondosha maji wakati wa kuchemsha, ni kawaida: lita 50 zikipanda hadi nyuzi 60 zinaongezeka kama robo tatu ya lita, na lazima ziende mahali. Ikidondosha usiku na mchana hita ikiwa imezimwa, hapo chunguza presha ya maji au valvu yenyewe.

Nikimaliza siondoki. Naosha mikono, naweka zana sawa, naomba kiti. Mwenye nyumba anashangaa fundi anasubiri nini wakati taa imeshawaka. Nasubiri thermostati ikate yenyewe. Nikisikia "tik" na taa ikizima, nagusa bomba la moto, nakagua gasketi, ule mpira unaoziba pale elementi inapoingia, kama imetoa hata tone moja, ndipo nazima breka na kurudisha kifuniko.