Vienna, Bratislava na Budapest katika safari moja
Ndugu uliyeuliza iwapo inafaa kuitembelea miji mikuu hii mitatu, ya Austria, Slovakia na Hungaria, kwa pamoja, jibu langu ni ndiyo, kwani yote iko kando ya mto Danube na imeunganishwa kwa reli. Nakusihi usiipite Bratislava haraka, kama wengi wafanyavyo kwa kuwa ni mwendo wa takriban saa moja tu kwa treni kutoka Vienna. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Martin la mji huo, uliokuwa sehemu ya Hungaria enzi hizo, ndimo walimotawazwa wafalme wa Hungaria kuanzia 1563 hadi 1830, akiwemo malkia Maria Theresa mwaka 1741. Ukiwa Vienna, tenga muda kwa MuseumsQuartier, ambako mazizi ya farasi wa kifalme yamegeuzwa makumbusho ya sanaa. Budapest nayo ina treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1896, na hadi leo inabeba abiria.